Wasilisho Lisilochapishwa: Programu Huria na Kumbi za Mikutano za Dodoma, 2004–2021

Mwezi Desemba 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ilitoa Jambo OpenOffice, yaani tafsiri ya Kiswahili ya furushi la programu za ofisi la OpenOffice.org. Kazi hiyo ilifanyika chini ya mradi uliopewa jina la Kilinux. Ndani ya furushi hilo mlikuwamo, miongoni mwa nyingine, programu ya kuandikia, programu ya majedwali ya hesabu, na programu ya kuandalia slaidi iitwayo Impress. Zote zilitoka siku moja, kwa leseni ileile, bila malipo. Hata hivyo, hazikukabiliwa na mtihani mmoja.

Barua iliyoandikwa kwa programu huria hukamilika pale inapochapishwa. Ikishagongwa muhuri na kutiwa kwenye jalada, hakuna karani atakayeuliza iliandikwa kwa programu gani. Jedwali la hesabu nalo, jumla ikishapatikana, limekwisha kazi yake. Wasilisho haliko hivyo. Halichapishwi, huishi kwa dakika ishirini mbele ya watu, katika ukumbi wa mtu mwingine, mara nyingi kupitia mashine ya mtu mwingine. Insha hii inadai kwamba tofauti hiyo ndogo inaeleza safari ya programu huria katika kumbi za uwanda wa kati wa Tanzania vizuri zaidi kuliko sababu mbili zilizozoeleka, yaani bei na lugha. Bei haielezi mengi, kwa kuwa mshindani halisi wa programu huria hakuwa programu ya kununuliwa bali nakala isiyo na leseni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ililinda programu za kompyuta, lakini kwa mtumiaji wa kawaida nakala ya bure na programu ya bure zilionekana kuwa kitu kimoja. Lugha nayo itajadiliwa mahali pake.

Mji wa vikao

Dodoma inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu ni mji uliokuzwa na mikutano. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya serikali yahamie huko, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Utekelezaji ulikwenda kwa mwendo wa kobe: wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 40. Kilichotangulia kuhama ni vikao. Mikutano mikuu ya CCM ilifanyika Chimwaga, na ndiko Benjamin Mkapa alikoteuliwa kuwa mgombea urais mwaka 1995. Bunge lilikutana Dodoma, na ofisi ya TAMISEMI ilikuwa huko kabla ya uhamisho mkubwa. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini na Chuo cha Serikali za Mitaa kilichopo Hombolo vilifundisha maofisa wa halmashauri kutoka pande zote za nchi. Watu walikuja Dodoma kueleza na kuelezwa, kisha wakarudi makwao.

Swali la nani anamiliki kifaa cha kuonyeshea ni la zamani kuliko kompyuta. Kati ya 1935 na 1937 jaribio la sinema la kikoloni lenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, lilitengeneza filamu fupi za mafunzo ya kilimo, afya na uchumi, na kuzionyesha Tanganyika na katika nchi jirani. Lori lilibeba projekta, skrini na umeme wake lenyewe, na maelezo yalitolewa kwa sahani za santuri katika lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Mtazamaji alikuja kutazama tu. Baada ya uhuru serikali nayo ilikuwa na shaka na mashine. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta mwaka 1965, lakini matokeo yake yaliwakatisha tamaa watunga sera, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo baadaye. Tanzania Bara ilipopata kituo cha kwanza cha televisheni mwaka 1994, mkazi wa Dodoma ambaye hakuwa mwenda sinema alikuwa hajazoea kabisa kupokea hoja kutoka kwenye kioo.

Chombo kilichotawala kumbi katika muda huo wote kilikuwa ubao na chaki, kisha bango kitita. Karatasi kubwa zilizofungwa juu ya kigoda cha miguu mitatu hazikuhitaji umeme, leseni wala fundi. Jambo muhimu zaidi ni kwamba kila aliyeshika kalamu ya wino mzito aliweza kusahihisha kilichoandikwa na mwenzake mbele ya wote. Mbinu ya kupanga mipango ya vijiji ijulikanayo kama Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilisimama juu ya uwezo huo: wanakijiji walitaja, mwezeshaji aliandika, karatasi ikabandikwa ukutani, ikabishaniwa. Slaidi ilipoingia, uwezo huo ulipotea bila mjadala mkubwa. Hapa pana kinaya kisichosemwa vya kutosha katika maandishi ya kuisifu programu huria. Uhuru unaozungumzwa humo ni uhuru wa kuusoma na kuubadili msimbo. Aliyeketi ukumbini hakupewa uhuru wa kulibadili wasilisho. Kwa upande huo, bango kitita lilikuwa huria kuliko Impress.

Faili na mashine ya mwenyeji

Ili kuelewa ugumu uliomkabili mtoa mada wa mwaka 2005 hapana budi kueleza utaratibu wenyewe. Jambo OpenOffice ilijengwa juu ya toleo la 1.1 la OpenOffice.org. Toleo hilo, lisipoelekezwa vinginevyo, lilihifadhi slaidi katika faili la aina ya sxi. PowerPoint ya wakati huo haikuweza kulifungua faili la aina hiyo hata kidogo. Mtoa mada aliyetunza kazi yake kwenye flashi na kuipeleka kwenye kompyuta iliyokwisha kuunganishwa na projekta angekuta faili halina mwenyewe. Aliyekumbuka kuhifadhi kwa muundo wa ppt alinusurika nusu: maneno yalionekana, lakini maumbo, vitone vya orodha na miondoko ya slaidi viliweza kuhama mahali pake.

Fonti zilikuwa tatizo la pili, nalo lilimgusa mwandishi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Fonti iliyotumika kuandaa slaidi isipokuwapo kwenye mashine ya mwenyeji, mashine huweka nyingine badala yake, na upana wa herufi ukitofautiana mstari hukatika kwingine. Kiswahili hubeba nafsi, njeo, kirejeshi na mtendwa ndani ya neno moja. Neno kama «yanavyowashughulisha» haliwezi kugawanywa na programu isiyo na kanuni za mkato wa lugha hii. Huruka zima hadi mstari unaofuata, na sanduku la maandishi hufurika. Kichwa cha habari kilichotosha mstari mmoja nyumbani huchukua miwili ukumbini na kuifunika jedwali iliyo chini yake. Fonti za Liberation, zilizotolewa mwaka 2007 zikiwa na vipimo sawa na vya Times New Roman na Arial, zilipunguza adha hiyo. Kwa Calibri, iliyokuja na Office 2007, mbadala wenye vipimo sawa ulisubiriwa hadi 2013.

Njia ya kuepuka yote hayo ilikuwa kubeba kompyuta mpakato yako mwenyewe. Lakini kwa aliyetumia Linux njia hiyo nayo ilikuwa na miiba. Kabla ya maboresho ya mfumo wa picha yaliyotoka mwaka 2007, kuiambia kompyuta kwamba imeunganishwa na skrini ya pili kulihitaji, kwa vifaa vingi, kuhariri faili la mipangilio kwa mkono na kuianzisha upya sehemu ya picha ya mfumo. Hilo si jambo la kufanywa huku mwenyekiti akitazama saa. Baada ya 2007 waya ungeweza kuchomekwa na skrini ikatambuliwa papo hapo, ingawa si kwa kadi zote za picha. Mabadiliko hayo hayatajwi katika sera yoyote ya TEHAMA, lakini kwa mtoa mada yalikuwa na uzito kuliko sera.

Kulikuwa na mlango mwingine, nao ulikuwa wazi tangu mwanzo. OpenOffice.org 1.1 ilikuwa na kitufe cha kugeuza slaidi kuwa PDF, jambo ambalo Office ililipata kwa programu ya nyongeza katika toleo la 2007. PDF hubeba fonti zake ndani, hufunguka popote, na huweza kuonyeshwa ikijaza skrini nzima. Gharama yake ni kupoteza miondoko, na maelezo ya msemaji yaliyofichwa chini ya slaidi kutoonekana pembeni. Kwa mtu anayewasilisha bajeti ya maji ya halmashauri, hasara hiyo haina uzito. Wanahisabati na wanafizikia walifika mahali hapohapo kwa njia nyingine, kwa kutumia Beamer, nyongeza ya LaTeX iliyotolewa na Till Tantau mwaka 2003, ambayo kwa kawaida hutumika kutoa PDF. Inastahili kusemwa wazi: suluhisho bora la programu huria kwa tatizo la ukumbi lilikuwa kuacha kufanana na PowerPoint, ilhali tafsiri na matangazo mengi ya wakati huo yalisifu kufanana huko.

Umeme unahitaji maneno machache tu. Kompyuta mpakato ina betri, projekta haina. Ukame wa 2005 na 2006 ulishusha maji ya bwawa la Mtera, lililoko kwenye Ruaha Mkuu katika mpaka wa Dodoma na Iringa, na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Mgao mwingine mkali ukafuata mwaka 2011. Umeme ulipokatika, slaidi zilibaki ziking'aa mbele ya macho ya msemaji mmoja, na ukuta ukawa mtupu.

Chuo kikuu juu ya Chimwaga

Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007, kikirithi jengo la mikutano la Chimwaga na eneo kubwa la vilima vilivyolizunguka, kwa lengo la kufikia wanafunzi 40,000. Ukumbi wa siasa ukageuka darasa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa Anglikana, kilianza mwaka huohuo katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Kwa ghafla mji wa vikao vya msimu ukawa mji wa mihadhara ya kila siku.

Mwaka huo haukuwa mwaka wowote tu katika historia ya faili. Mwezi Januari 2007 Microsoft ilianza kuuza Office 2007, iliyobadili muundo wa slaidi kutoka ppt kuwa pptx. OpenOffice iliweza kusoma muundo mpya ilipofika toleo la 3.0, Oktoba 2008. Upande wa pili, PowerPoint ilianza kufungua faili za odp, muundo wazi uliokwisha kukubaliwa na shirika la viwango la ISO mwaka 2006, baada ya nyongeza ya Aprili 2009. Kundi la kwanza la wanafunzi wa Dodoma liliingia chuoni katikati ya pengo hilo. Ni haki kuongeza kwamba pengo halikuwatesa watumiaji wa programu huria peke yao: mwenye PowerPoint ya 2003 asiyekuwa na kigeuzi hakuweza kufungua pptx ya mwenzake. Lakini lawama haikugawanywa sawa. Faili la PowerPoint likikataa kufunguka, kosa lilionekana kuwa la toleo. La Impress likikataa, kosa lilionekana kuwa la mtu aliyechagua kitu kisicho cha kawaida.

Katika miaka hiyo mradi wa Ubuntu ulituma diski za bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, huduma iliyodumu hadi 2011. Kwa mji ambao ulikuwa bado unasubiri Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, diski ilikuwa na maana kuliko kiungo cha kupakulia. Tena diski hiyo iliweza kuiwasha kompyuta yoyote bila kugusa kilichomo ndani yake. Kwa nadharia, mtoa mada aliweza kuja na mfumo mzima mfukoni na kuifanya mashine ya mwenyeji kuwa yake kwa nusu saa. Mwenyeji gani angekubali kompyuta ya ofisi izimwe na kuwashwa kwa diski ya mgeni ni swali jingine, na ni swali la mamlaka wala si la ufundi.

Nyuma ya ukuta

Mwezi Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa vitendo. Waziri Mkuu alihamia Septemba mwaka huo, wizara zikafuata, na ofisi zikaanza kujengwa Mtumba. Mikutano iliyokuwa ya msimu ikawa ya kila wiki.

Katika kipindi hichohicho programu huria zilikuwa zimekwisha kuingia serikalini, ila kwa mlango wa nyuma. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, wenye asili yake Chuo Kikuu cha Oslo na ambao msimbo wake ni wazi, ulienezwa nchi nzima kufikia mwaka 2013. Mganga mkuu wa wilaya aliyewasilisha takwimu za wajawazito mbele ya baraza la madiwani alichota tarakimu zake kutoka kwenye programu huria, kupitia kivinjari, kisha akazibandika kwenye PowerPoint. Hapakuwa na ugomvi, kwa kuwa seva haionekani. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao badala ya wakala uliokuwapo tangu 2012, na kuimarisha uwezo wa kujenga mifumo ndani ya nchi. Ujenzi wa aina hiyo, kama popote duniani leo, husimama juu ya vipande vya msimbo wazi. Nyuma ya ukuta, basi, programu huria ilishinda. Mbele ya ukuta, mahali ambapo kila mtu anatazama na muda unakimbia, desturi ilikuwa na nguvu zaidi.

Impress yenyewe haikusimama. Baada ya Oracle kuinunua Sun mwaka 2010, sehemu kubwa ya watengenezaji walijitenga na kuanzisha LibreOffice Septemba mwaka huo. Toleo la Kiswahili la Tanzania linaendelea kuwamo miongoni mwa lugha za LibreOffice, pamoja na kikagua tahajia ambacho msingi wake uliwekwa na Jason Githeko wa Kenya.

Lugha ya slaidi

Kuhusu lugha, historia imekwenda kinyume na matarajio ya 2004. Wakati ule ilidhaniwa kwamba menyu za Kiswahili zingemvutia mtumiaji. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huohuo mpango wa kutafsiri programu zake kwa Kiswahili. Lakini aliyejifunza kompyuta kwa menyu za Kiingereza alijua mahali pa kitufe kwa umbo na nafasi yake, na tafsiri ilimlazimu kujifunza upya alichokwisha kukijua. Katika ukumbi menyu hazionekani kabisa. Kinachoonekana ni maneno ya mtoa mada. Faida ya kudumu ya mradi wa Kilinux imo katika istilahi. Kuitafsiri programu nzima kuliwalazimu watafsiri kuamua, neno kwa neno, mambo ambayo kamusi zilikuwa zikiyaahirisha, na kufanya hivyo kwa maelfu ya vipashio vinavyotakiwa kukubaliana. Neno «slaidi», lililokuwa likimaanisha picha ya filamu iliyobanwa kwenye fremu, lilipanuka hadi kumaanisha ukurasa wa wasilisho.

Mwaka 2021 Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Hatua hiyo iliongeza uzito wa wasilisho la Kiswahili, kwa kuwa kinachoelezwa kwa watunga sheria huandaliwa kwa lugha ambayo sheria yenyewe itaandikwa. Hapo ndipo kikagua tahajia, ambacho mwaka 2004 kilionekana kuwa pambo, kinapata kazi: kosa kwenye slaidi yenye herufi kubwa husomwa na ukumbi mzima kwa pamoja.

Kisichotunzwa

Tatizo linalomhusu mtafiti limebaki. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 haikuifunga kumbukumbu kwenye karatasi peke yake, na Dodoma kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu. Lakini mkondo wa kazi haukubadilika: kilichochapishwa huingia jaladani, na wasilisho halichapishwi. Muhtasari wa kikao huandika kwamba mada iliwasilishwa na wajumbe wakaipokea. Grafu iliyowashawishi hubaki kwenye kompyuta mpakato ya ofisa, ambaye baadaye atahamishwa kituo. Hazina za tasnifu za vyuo vikuu zina desturi hiyohiyo. Tasnifu huwekwa kwa PDF na kusomwa na dunia. Slaidi ambazo mtahiniwa alizitetea mbele ya watahini haziwekwi.

Kwa mwanahistoria wa miaka 30 ijayo, suala la muundo wazi litakuwa zito kuliko lilivyokuwa kwa mtoa mada. Faili la odp ni kifurushi cha maandishi yaliyobanwa, na kanuni zake zimechapishwa. Yeyote anaweza kulifungua na kusoma maneno yaliyomo hata kama programu iliyolitengeneza imetoweka. Hata sxi ya 2004, iliyokataliwa na mashine za wenyeji, imejengwa kwa namna hiyo, na LibreOffice ya leo bado inaifungua. Faili la ppt la miaka hiyo lilikuwa la jozi za tarakimu ambazo maelezo yake Microsoft iliyaweka hadharani mwaka 2008. Flashi zilizobeba zote mbili zimo kwenye droo za maofisa wastaafu kuanzia Kongwa hadi Manyoni, na chembe za kumbukumbu ndani yake hupoteza chaji mwaka hadi mwaka.